Ile simu aliikomboa lini? Kuhusu matundu ya The Strain

Msomaji mmoja, muuguzi wa Morogoro, kaniandikia barua ndefu ya malalamiko. Kwa ufupi ananiuliza:

"Mimi na mdogo wangu wa kiume tumemaliza misimu yote minne ya The Strain. Kila nikisema 'hapa wametudanganya', yeye ananijibu, 'Dada, hii ni hadithi ya wanyonya damu, unataka mantiki ya wapi?' Mimi ni mtu wa wodini, nimefundishwa kuzuia maambukizi, na ile karantini ya uwanja wa ndege ilinikera mpaka nikazima runinga nikaenda kupika. Niambie ukweli: yale ni matundu kweli, au mimi ndiye nisiyejua kuangalia? Na yule mtoto Zack, nani alimpa kile kitufe? Pia kuna mwenzangu hapa kazini anataka kuianza, nimwambieje?"

Dada yangu, pole na hongera. Sehemu 46 si mchezo. Kwa karantini umeshinda kesi, ingawa si kwa sababu unayoidhani. Kwa mambo mawili matatu nitasimama upande wa mdogo wako. Zack nitamweka mwisho, huyo ana kesi yake peke yake.

Ambaye hajaiona na anataka kuiona aishie hapa, maana nitamwaga kila kitu. Tamthilia hii ilirushwa na FX ya Marekani kuanzia Julai 2014 hadi Septemba 2017. Ndege kutoka Berlin inatua JFK, New York, inazimika taa zote na haijibu redio. Daktari Ephraim Goodweather, anayeitwa Eph, wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha CDC, anapanda ndani na mwenzake Nora Martinez wakiwa wamejifunika gubigubi kwa mavazi ya kujikinga. Wanakuta abiria zaidi ya mia mbili wamekaa vitini mwao wamekufa. Wanne tu ndio wako hai. Chini, kwenye mizigo, kuna sanduku kubwa la mbao lililochongwa, kama jeneza, limejaa udongo. Aliyesafiri ndani yake ni Master, mkuu wa strigoi. Strigoi ni neno la Kiromania, na katika hadithi hii ni mtu aliyeingiwa na minyoo myembamba kama uzi: nywele zinampukutika, damu inageuka nyeupe, na mrija wa nyama unamchomoka mdomoni kwenda kunyonya mtu aliye hatua kadhaa mbele yake. Wanaojua dawa yake ni mzee Setrakian, mwenye duka la rehani aliyenusurika kambi ya Wanazi, na baadaye Fet, ambaye kazi yake ni kuua panya wa jiji.

Sasa kuhusu matundu. Mimi kazi yangu ni kusoma skripti kabla hazijaenda kupigwa picha, kutafuta panapovuja. Miaka kadhaa iliyopita nilipitisha skripti ya tamthilia moja ambayo ndani yake binti anauza simu yake ili alipe kodi ya chumba. Sehemu ya nne anaiuza, analia, mnunuzi anatoa laini na kumrudishia. Sehemu ya sita binti huyohuyo yuko stendi anampigia mchumba wake kwa simu ileile, kava ileile ya pinki. Tulikuwa watu wanane kwenye kazi ile na hakuna aliyeona. Aliyeona ni mama anayeuza maandazi mtaani kwetu. Nilipopita asubuhi akaniuliza, "Ile simu aliikomboa lini?" Tamthilia hiyohiyo ilikuwa na jini anayepita ukutani. Kuhusu jini mama hakuwa na swali hata moja.

Swali lake lilinifundisha kazi kuliko semina zote nilizokaa. Mama alimkubali jini kwa sababu tulimwambia toka mwanzo kwamba yupo. Simu aliikataa kwa sababu alikuwa ameshaumia nayo. Alilipia uchungu wa kuuzwa kwake, halafu sisi tukajifanya hapakuuzwa kitu. Kwa hiyo mdogo wako anapouliza "mantiki ya wapi?", jibu ni mantiki ya humohumo ndani. Hadithi ina deni kwa kanuni ilizozitaja yenyewe na kwa mambo ambayo watu wake wameshayajua. Kwingine kote haidaiwi.

Ndiyo maana kuna malalamiko yako ambayo nayaweka kando. Umesema strigoi hawafanani na wanyonya damu unaowajua. Hawatakiwi kufanana. Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha 1897, anatembea London mchana kweupe, nguvu tu ndizo zinazompungua. Kufa kwa mwanga wa jua kulikuja na sinema ya Kijerumani, Nosferatu, mwaka 1922, na leo kila mtu anadhani ni sheria ya tangu Adamu. Kila mwandishi anapanga upya. Hata huku kwetu mumiani alikuwa na taratibu zake: anakuja na gari, anachukua damu ya kwenda kuuzwa, hana haja ya meno. Nairobi na Kampala enzi za mkoloni watu walimwita kwa jina la wazimamoto na kuliogopa gari jekundu. Bibi yangu alisimulia habari hizo miaka yote bila kubadilisha hata kitu kimoja, na pengine ndiyo sababu tulikuwa tunafika nyumbani kabla ya magharibi.

Jingine ni lile la maji. Strigoi hawezi kuvuka maji yanayotembea bila kusaidiwa na binadamu, na ndiyo sababu kijana Gus anapewa kazi ya kuliendesha lile gari lenye jeneza kutoka JFK, iliyoko Queens, hadi kisiwani Manhattan. Wewe unauliza, mbona baadaye wamejaa kila upande wa mto? Hapo mdogo wako ana haki. Treni za New York zinapita chini ya mto kwenye mahandaki, na strigoi tunawaona humo chini kila mara. Hilo ni pengo ambalo mtazamaji anaweza kuliziba mwenyewe akiwa amekaa palepale, na pengo la namna hiyo mimi silihesabu.

La Master kuunguzwa na jua mwishoni mwa msimu wa kwanza nalihesabu nusu. Wanamkamata kwenye jengo la mwanamuziki Bolivar, wanamsukuma kwenye jua, anaungua, anatoroka. Sehemu kumi na tatu tumeambiwa jua linaua. Lakini angalia uso wa Setrakian: mzee mwenyewe amepigwa butwaa, imani yake ya maisha imepasuka. Maana yake waandishi wanajua kwamba kanuni imevunjwa na wanataka ituume. Mpaka hapo ni sawa kabisa. Nusu ya kosa inakuja msimu wa pili, pale ambapo watu waliokuwapo hawakai chini kuulizana kwa uzito unaostahili: kama jua halimtoshi, sisi tunafanya nini? Kunakuja kitabu cha kale cha kutafutwa, Occido Lumen, na safari inaendelea kana kwamba siku zote ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Tuje kwenye karantini yako. Waliobaki hai ni rubani Redfern, Bolivar, baba wa familia aitwaye Ansel Barbour, na mwanasheria Joan Luss. Joan anatishia kwenda mahakamani, wakubwa wanaingiwa na baridi, wote wanne wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Umeandika kwamba hakuna serikali duniani ingefanya hivyo, na hapo nakupunguzia alama kidogo. Serikali kuu ya Marekani ina uwezo wa kumzuia mtu kwa maradhi yaliyomo kwenye orodha inayotolewa kwa amri ya Rais. Amri ya 2003 ilitaja kipindupindu, dondakoo, kifua kikuu cha kuambukiza, tauni, ndui, homa ya manjano, homa za kutoka damu kama Ebola na Marburg, na SARS. Homa ya mafua ya mlipuko iliongezwa 2005. Minyoo isiyo na jina haimo. Mwanasheria mjanja angesimama hapohapo. Angeuliza, "Ugonjwa huu unaitwaje, na uko namba ngapi kwenye orodha?" Eph angekosa jibu, na sisi tungeishiwa pumzi. Waandishi walikuwa na mlango halali kabisa wa kuwatoa wale watu wanne wakaupita bila kuuona, wakachagua kumfanya bosi wa CDC aonekane mjinga.

Hata hivyo karantini ingepita. Kisichopita ni mochwari. Maiti zaidi ya mia mbili zinaamka usiku na kuondoka kwa miguu yao. Fikiria hospitalini kwako ikipotea maiti moja tu. Saa mbili asubuhi ndugu wako getini, mjomba mtu anataka kuvunja mlango, mwandishi wa redio ameshafika, mganga mkuu anatafutwa kwa simu. Hapa zimepotea za ndege nzima, ndege iliyotangazwa ulimwenguni kote, na jiji linaendelea kunywa kahawa. Baba mmoja anapokea mtoto wake mlangoni, mtoto ambaye amekwisha kuambiwa kwamba amekufa, na anamkumbatia. Hilo la baba mmoja naliamini, tena linanitoa machozi. Wako wapi ndugu wa wale wengine wote?

Bahati mbaya ya waandishi ni kwamba New York ya kweli iliwajibu palepale. Msimu wa kwanza uliisha tarehe 5 Oktoba 2014. Tarehe 23 mwezi huohuo daktari mmoja aliyerudi kutoka Guinea alithibitika kuwa na Ebola jijini humo. Mgonjwa mmoja tu, na hakumwambukiza mtu yeyote mjini. Magazeti yalichora treni alizopanda na ukumbi wa Brooklyn alikokwenda kucheza bowling. Kesho yake magavana wa New York na New Jersey wakatangaza karantini ya lazima, na siku hiyohiyo muuguzi mwenzako Kaci Hickox, aliyetua Newark kutoka Sierra Leone akiwa hana Ebola, akawekwa hemani kwa siku tatu akipinga kwa sauti yote. Serikali ilizidisha, wengi walisema hivyo. Lakini ndivyo mji unavyotenda ukishikwa na woga: unakosea kwa kuzidisha. Mji wa The Strain unakosea kwa kusinzia, na usingizi wenyewe hauna sababu zaidi ya kwamba waandishi wanauhitaji uendelee mpaka sehemu ya kumi.

Nipe dakika moja ya hesabu, maana hapa ndipo penye ufa mkubwa kuliko karantini. Tuseme wameanza 200, na kila mmoja anageuza mtu mmoja kwa usiku. Usiku wa kwanza 400, wa pili 800, wa tano 6,400, wa tisa 102,400. Usiku wa kumi na tano wamepita milioni sita na nusu, na jiji lote lina watu kama milioni nane na nusu. Usiku wa kumi na sita wa kunyonywa hawatoshi. Wanafizikia wawili wa Marekani, Costas Efthimiou na Sohang Gandhi, walipiga hesabu ya aina hii mwaka 2006 kwa upole zaidi: mnyonya damu mmoja tu mwaka 1600, mlo mmoja kwa mwezi, dunia yenye watu milioni 537. Binadamu waliisha ndani ya miaka miwili na nusu.

Bila shaka mwandishi halazimiki kuandika kwa kikokotoo. Strigoi wanauawa, wengine mchana wanajificha, na Master anaweza kuamua kuwabana wasile ovyo. Sawa. Basi mmoja aseme! Msimu wa pili kuna maeneo yamelika kabisa, na kuna diwani, Justine Feraldo, aliyewafagia strigoi Staten Island, sehemu ya jiji hilohilo, mtaa kwa mtaa, na wakati huohuo kuna mnada wa kitabu cha kale wa mamilioni ya dola. Vyote vitatu vinawezekana, lakini si katika juma moja bila maelezo. Mtazamaji anabaki hajui kama yuko kwenye mji unaokufa au mji wenye matatizo ya usalama. Na hofu inategemea kujua hilo. Ukimwonyesha mtu nyoka chumbani bila kumwambia chumba kina ukubwa gani, hajui akimbie au apande juu ya meza.

Kabla sijaendelea kuponda, niseme palipoandikwa vizuri, kwa sababu ndipo utakapoona ninachokidai. Ansel Barbour, yule baba, anarudi nyumbani na kuanza kujisikia anabadilika. Kiu haiishi. Mbwa wa nyumbani anakuwa mlo wake wa kwanza. Anaelewa. Watoto wanaondolewa, naye anaingia kwenye banda la nyuma ya nyumba na kujifunga mnyororo. Mkewe, Ann-Marie, mcha Mungu, mwoga wa kila kitu, anabaki peke yake na mlio unaotoka bandani. Jirani mkorofi anakuja kulalamikia kelele. Mama anamsikiliza. Anamwongoza mpaka kwenye mlango wa banda, anamsukuma ndani, anafunga.

Hapo hakuna hata tundu moja la kupitisha sindano. Kila mmoja anatenda kwa kile anachokijua: Ansel anajua njaa yake, mke anajua mumewe anateseka, na sisi tunajua jirani amekuwa mtu wa namna gani. Hakuna daktari, hakuna jeshi, ni banda la mbao na mlango. Waliolifanya hili ni watu walewale walioandika mochwari, kwa hiyo usiniambie hawakuweza.

Basi kile kinachonikera mimi kuliko karantini, na nashangaa wewe muuguzi hukukitaja, ni nyuso zao. Sehemu ya kwanza Eph na Nora wamevaa mpaka hawatambuliki. Wamekwisha kujua ni minyoo, wamekwisha kuona inavyoingia. Kisha kuna usiku wa dukani, sehemu ya nane, wamezingirwa. Mwenzao Jim Kent anaingiwa na mnyoo shavuni. Eph anampasua na kuutoa kwa mikono yake, tunashusha pumzi. Halafu wanammulika kwa taa ya urujuanimno, na mgongoni mwake wanaonekana wengine wanatambaa chini ya ngozi. Jim anaomba auawe. Fet anampiga risasi. Ni kipande kizuri, chenye uchungu, na kimetufundisha jambo moja wazi: mnyoo mmoja usoni, basi wewe umekwisha.

Baada ya usiku ule, dada, umewahi kumwona hata mmoja wao amevaa miwani ya kujikinga? Wanakata vichwa kwa panga la fedha, damu nyeupe inaruka, minyoo inadondoka mpaka miguuni, na wao nyuso wazi kama wanachinja kuku wa sikukuu. Miwani ya plastiki ya fundi wa kuchomelea, barakoa, kola iliyofungwa vizuri. New York yote hakuna duka la vifaa vya ujenzi? Mwisho wa msimu wa pili Nora anaingiwa na minyoo na kujiua kwenye reli ya umeme ili asigeuke. Nilitakiwa kulia. Nilichofikiria ni zile nguo alizovaa siku ya kwanza.

Hili ndilo naliita tundu la simu. Kanuni hazijavunjwa, minyoo ni ileile. Wenye kusahau ni watu, tena madaktari, na wamesahau jambo ambalo lilimuua rafiki yao mbele yao. Naelewa sababu: ukimfunika mwigizaji uso, hisia hazionekani, na hakuna anayemlipa mtu maarufu aigize ndani ya barakoa. Basi andika kwamba miwani ilivunjika. Andika kwamba Fet anaidharau na Nora anagombana naye kila asubuhi. Ugomvi huo wa asubuhi ungekifanya kifo chake kisahaulike kwa shida.

Ugonjwa huohuo wa kusahau ndio uliokula silaha ya Eph. Msimu wa pili yeye na Nora wanatengeneza maambukizi ya kuwaua strigoi, yanayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Yanafanya kazi! Master mwenyewe anashtuka, anawaamuru walioambukizwa wajirushe kutoka ghorofani wasije wakaambukiza wenzao. Ni mara ya kwanza tunamwona adui akiogopa. Eph anakwenda Washington kutafuta watakaoitengeneza kwa wingi, mambo yanaharibika, washirika wake wanauawa, anarudi na kidonda na chupa ya pombe. Na silaha? Imekwenda na maji. Elimu imo kichwani mwake, maabara aliijenga kwa vifaa vya kuokoteza, tena adui ameshaonyesha kwamba inamuuma. Kuanzia hapo uzito unarudi kwenye panga na kitabu. Ukiuliza kwa nini, jibu ninaloliona mimi ni kwamba dawa inayofanya kazi ingeimaliza tamthilia mapema.

Sasa Zack. Mwana wa Eph, ambaye mama yake Kelly amegeuzwa strigoi. Mwisho wa msimu wa pili anamkimbia baba na kumfuata mama. Mwisho wa msimu wa tatu Eph anamuua Kelly, na mtoto kwa hasira anabonyeza kitufe na kulipua bomu la nyuklia bandarini New York. Msimu wa nne unaanza miezi tisa baadaye: anga limefunikwa majivu, jua halipenyi, strigoi wanatawala.

Umeuliza nani alimpa kitufe. Jibu halisi liko kwenye vitabu. Guillermo del Toro aliiwaza hadithi hii kama tamthilia, akaipeleka Fox mwaka 2006, wakamtaka aifanye kichekesho. Akaondoka akaiandika vitabu vitatu pamoja na Chuck Hogan, vilivyotoka 2009, 2010 na 2011. Huko, giza la nyuklia ni mpango wa Master na tajiri Eldritch Palmer, ulioandaliwa kwa miaka kupitia mitambo ya umeme wa nyuklia. Ni uovu wenye subira. Kwenye runinga uovu huohuo umehamishiwa kwenye kidole cha mtoto mwenye kisirani. Sababu naihisi: hadithi ya familia huvuta machozi kuliko mitambo. Na wazo lenyewe si baya. Baba aliyetaka kuokoa dunia analeta mwisho wake kwa kumkosa mwanawe; hilo ni la kusimuliwa.

Kwa hiyo, na hapa nawapinga wewe na mdogo wako kwa pamoja, Zack si tundu. Hakuna kanuni aliyoivunja. Ni mtoto mwenye huzuni, amechukuliwa na muuaji anayempa kila anachokitaka. Udhaifu uko kwenye njia. Kutoka "namtaka mama yangu" mpaka "nalipua jiji" ni safari ndefu sana, na waandishi wamemvusha kwa hatua mbili. Kinachouma ni kwamba mbegu waliipanda wenyewe: Zack ana pumu, na msimu wa tatu anapobanwa kifua, Master anampa tone la damu yake nyeupe, anapona. Umeona walichoshika pale? Baba ni daktari, na miaka yote mtoto anatembea na dawa ya kuvuta. Adui amemponya kwa tone moja. Kutoka hapo ungeweza kuandika sehemu nne tano za mtoto anayejifunza taratibu kwamba baba yake ndiye mwongo, mpaka siku ya kitufe sisi wenyewe tukawa tunamwelewa na kutetemeka. Wao waliitumia kama tukio la siku moja.

Halafu kuna la sura. Kati ya msimu wa kwanza na wa pili mwigizaji alibadilishwa, Ben Hyland akampisha Max Charles. Hilo hutokea, halina ubaya. Lakini ndani ya hadithi, kati ya ndege kutua na bomu kulipuka ni majuma machache tu, na sisi tumeangalia kuanzia 2014 mpaka 2016. Mtoto anarefuka mbele ya macho yetu wakati kalenda yao imesimama. Huzuni ya mtoto mdogo unaivumilia. Huzuni ileile, kwa maneno yaleyale, kwa kijana anayekaribia kuota ndevu, inaonekana ukorofi. Nusu ya chuki ambayo watu wanamwagia Zack inatokana na hapo, na mwigizaji hana kosa.

Mwishoni kabisa wanamrudishia kitufe. Master ameingia mwilini mwa Eph, na Zack ndiye anayelipua bomu la pili na kufa naye. Kwenye karatasi inapendeza, mkono uleule umefuta ulichokiandika. Mimi niliipokea kwa baridi, maana toba nayo ilikuja kwa hatua mbili kama dhambi.

Mwambie mdogo wako kwamba maji na nusu ya jua nimempa yeye. Mochwari, miwani na silaha ni zako. Na mkitaka kubishana zaidi, wabishieni waandishi kuhusu pumu, maana hapo naona mnaweza kukubaliana.

Mwenzako wa kazini mwambie aianze bila woga. Msimu wa kwanza auangalie wote, banda la Ansel aliangalie usiku taa zikiwa zimezimwa, na ajiandae kwa Jim Kent. Wa pili aendelee nao mpaka pale strigoi wanapojirusha ghorofani. Eph akishapanda treni ya Washington, anaweza na yeye kwenda kupika.